SUBIRI kwa Herufi Nyekundu

Alhamisi, 12 Machi

Mvua imeanza saa tatu asubuhi, na pamoja nayo ameingia mgonjwa mpya hapa Nyumba ya Nyayo. Ana miaka mitatu. Kabla mama yake hajamaliza kunisalimia, yeye mgongoni alishaninyooshea kidole: "Wewe, sogeza kiti." Nikasogeza. Kabla ya kuja hapa nilikuwa karani wa shule miaka thelathini na mmoja, nimefanya kazi chini ya wakuu watano, na hakuna aliyewahi kuninyanyua haraka hivyo. Fundi wa plasta akambatiza jina hapo hapo: Meneja. Limeshika.

Mguu wake wa kulia hauna neno. Wa kushoto alizaliwa nao umegeukia ndani, hata anakanyagia ubavu wake. Fundi akamweleza mama yake taratibu. Mguu unanyooshwa kidogo, unafungwa plasta, siku ya saba plasta inakatwa, unanyooshwa tena kidogo, unafungwa upya. Mara saba, kila Alhamisi.

"Mfululizo, dada," akasema. "Ukiruka wiki, unaanza kurudi ulikotoka. Mguu wa mtoto hauna adabu."

Mama Meneja hufua mashuka hotelini, safari ya siku nzima kutoka hapa. Amepewa ruhusa mpaka mvua ziishe, anakaa kwa wifi yake mtaa wa nyuma. "Bosi kaniambia ni mara hii tu," akaniambia huku akimfuta mtoto pua. "Nikirudi na mguu haujanyooka, shangazi, basi tena."

Saa nne kasorobo akaja Bi Kifungo, kama kawaida yake. Anashona na kuuza vifungo na zipu nyuma ya soko. Hufungua leso yake juu ya kaunta yangu na kutoa sarafu sita. "Nimeleta ya Alhamisi." Mwaka wa sita huu hajakosa hata moja. Mimi namwandikia risiti, na nakiri hapa kwamba huwa naguna kimoyomoyo, maana karatasi na wino wa risiti vinakaribia kuzimaliza zile sarafu. Kisha huondoka polepole kwa mwendo wake wa kizee, na mimi narudi kwenye kazi za maana.

Jumatatu, 16 Machi

Leo kazi ya maana imekuja na gari. Mabati mwenyewe! Huyu kijana (ana miaka arobaini na tano, lakini kwangu ni kijana) alisoma shule yangu. Karo yake ilikuwa inachelewa kila muhula, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia "subiri hapo nje." Sasa nusu ya mapaa ya mji huu ni mabati yake.

Anasema wiki ya kwanza ya Mei, kuanzia Jumatatu tarehe nne hadi Jumapili, chochote atakachotoa mtu kwa Nyumba ya Nyayo yeye ataongeza kiasi kile kile juu yake. Mtu akileta kumi, naye kumi. Akileta elfu, naye elfu.

Nilimkumbatia, nikasahau kwamba ana suti. Baada ya kuondoka nikatoa karatasi ya manila na kalamu nene nyekundu. Matangazo yangu yalikuwa yanasifiwa shuleni, na mkono haujanitupa. Nimeandika hivi: SUBIRI! Na chini yake, kwa herufi ndogo: Kila utakachotoa wiki ya kwanza ya Mei kitageuka maradufu. Nikalibandika mlangoni, nikavuka barabara kulitazama. Ile SUBIRI unaisoma kutoka kwa kinyozi.

Alhamisi, 19 Machi

Plasta ya pili. Meneja ameiambia mvua "nyamaza" na kwa bahati ikanyamaza. Sasa hatutapumua kwa amri zake.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Viatu vyangu vimeota ukungu.

Alhamisi, 26 Machi

Plasta ya tatu. Fundi ananionyesha kidole gumba kilivyoanza kutazama mbele. Mimi sikuona tofauti, nikasema nimeiona, kisha nikaangalia tena na kweli ipo.

Bi Kifungo alipofungua leso, nikamzuia mkono. Niliona namsaidia.

"Dada, zifunge hizo. Hujasoma tangazo? Ukileta leo ni sita. Ukileta Mei ni kumi na mbili. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

"Nisubiri mpaka Mei?"

"Wiki sita tu."

Akageuka kulitazama tangazo langu, akalisoma lote. "Na mguu nao unasubiri?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye karani." Akafunga leso yake, akaondoka.

Jumanne, 31 Machi

Mwisho wa mwezi ndiyo siku ya wachangiaji wetu wa kila mwezi. Wapo ishirini na wanne, watu wa kawaida kabisa: kinyozi, mwalimu wa hesabu, muuza mayai, dereva wa gari la taka. Hakuna anayetoa cha kutisha, ila kodi ya nyumba hii, pamba, bandeji za plasta na kijishahara changu vinatoka mikononi mwao.

Leo wamekuja wawili. Nikavuka kwa kinyozi kumuuliza kulikoni. Akaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akanijibu kwa furaha kabisa.

"Mama Karani, si umetuambia tusubiri? Zangu nimezitia kwenye kibubu, na kila siku naongeza. Mei mtanikoma!"

Mwalimu wa hesabu vivyo hivyo. Muuza mayai vivyo hivyo. Wote wananitazama kama wanafunzi waliofanya zoezi vizuri. Ningewagombezaje? Zoezi nililitoa mimi.

Kilichokuwepo kimekwenda kwenye kodi.

Alhamisi, 2 Aprili

Plasta ya nne. Fundi aliinamisha boksi la bandeji kunionyesha, nikaona kitako chake.

Bi Kifungo hakuja, na ni sawa, nilimwambia mwenyewe. Ila saa nne kasorobo nilitazama mlango mara tatu.

Ijumaa, 3 Aprili

Kuna mtu kaharibu tangazo langu! Kaongeza H moja, kwa chaki ya bluu, nadhifu, katikati ya S na U. Sasa mlango wetu unasomeka SHUBIRI. Watu wanaopita wanacheka. Nimeifuta kwa kitambaa kibichi ikazidi kutapakaa. Namshuku Fundi. Ameapa si yeye, lakini ameapa akiwa anacheka.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimempigia Mabati. Nimemeza mate kwanza.

"Mwanangu, ile yako ya Mei, huwezi kutupa kidogo sasa hivi? Plasta zimeisha."

"Mama Karani, nikitoa sasa nitaongeza nini juu ya nini?"

"Ongeza juu ya shida."

Akacheka, kisha akanieleza bila ubishi. Hela yenyewe iko kwenye mzigo ambao haujatoka bandarini. Na hata ingekuwepo, anaogopa. Amewahi kumjengea mtu zahanati peke yake, kimya kimya, na baada ya hapo kila kitasa kilichovunjika wakampigia simu yeye. "Nataka watu watoe pamoja na mimi. Nikitangulia, wataniachia."

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kushikia. Anachosema kina akili. Nilikata simu nikabaki natazama boksi.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo naandika nikiwa nimekaa chini, mgongo ukutani, maana kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine na sina moyo wa kumwondoa.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama Meneja alifika amembeba mtoto, mguu ameuvisha mifuko ya plastiki mitatu, mmoja juu ya mwingine. Lakini mtaro wa mtaa wa nyuma umefurika, aliteleza, na katika kujizuia asimwangushe mtoto mguu ukazama. Plasta ikawa uji. Fundi akaimenya kwa vidole. Chini yake mguu ulikuwa mweupe kwa unyevu, na umenyooka, jamani, karibu unyooke kabisa. Hata mimi nisiyejua kitu niliona.

"Haya, tufunge," akasema Mama Meneja.

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kabati. Sijui nilitegemea nini. Kabati halizai.

Tulikuwa na watoto watatu wa plasta leo, Meneja na vichanga wawili, na bandeji hakuna hata moja. Fundi ana miezi miwili hajalipwa, mimi nina nauli ya kurudia nyumbani. Nilimpa Fundi ile nauli akanirudishia mkononi, akasema, "Mama, hii hainunui hata pamba." Akaufunga mguu kwa kanga kuukuu na vipande vya boksi, akaniambia pembeni kwamba kanga haiwezi kuushika, labda siku mbili tatu. Baada ya hapo kazi ya wiki nne itakuwa imelegea.

Mama Meneja hakulia wala kufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu, "Plasta zimeishaje, shangazi, na mlangoni mmeandika zinakuja maradufu?"

Nikashika kalamu, nikaiweka. Mimi, niliyeandika barua elfu kwa wazazi.

Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mguu na maboksi yake hewani, akanitazama. "Usinune," akaniamuru.

Nimejaribu. Sikuweza.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimezunguka siku nzima na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Dereva wa gari la taka amesafiri. Kibubu cha kinyozi kimejengewa ukutani kwa saruji. Alikijenga mwenyewe ili asikiguse kabla ya Mei, na alinionyesha kwa fahari kabla ya kuelewa kwa nini nalia. Mwalimu ameziweka kwenye kikundi chao, zamu yake ni mwisho wa mwezi. Muuza mayai amenunua vifaranga. Vifaranga! Kwa hela yetu, ili Mei alete nyingi zaidi. Alinishikisha kimoja.

Watu wema hawa. Kila mmoja alitaka kutoa zaidi, na kwa ajili hiyo hakuna aliyetoa. Na neno lililowafanya hivyo limetoka kwenye kalamu yangu.

Sikwenda kwa Bi Kifungo. Sarafu sita zitafanya nini? Na nitamtazamaje?

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekwenda.

Miaka sita sikuwahi kufika kwake. Ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao, cherehani dirishani, na vifungo kila mahali, kwenye chupa, kwenye vikombe. Alikuwa akishona, akaniambia niingie tu, hawezi kusimama katikati ya pindo. Nikakaa kwenye kigoda. Na kwa kuwa kigoda ni kifupi, macho yangu yakawa usawa wa kanyagio la cherehani.

Alikuwa peku. Mguu wa kulia ndio ulikuwa ukikanyaga. Wa kushoto ulikuwa umelazwa pembeni, umegeukia ndani, umekakamaa, na ubavu wake una sugu nene.

Miaka sita! Nakaa kwenye nyumba ya nyayo, sisemi kitu kingine kutwa ila nyayo, na huyu mama alikuja mbele yangu kila Alhamisi. Kaunta yangu ni ndefu na magauni yake yanafika chini, ndiyo. Lakini alikuwa akitembea vile mbele ya macho yangu, na mimi nikasema moyoni ni uzee.

Aliona ninapotazama. Hakuuficha.

"Wangu ulianza kunyooshwa," akasema, kama anayezungumzia gauni. "Nilikuwa mdogo kama huyo Meneja wenu. Nilifungwa mara tatu. Kisha yule aliyekuwa akitufunga akasema vifaa vimechelewa, tusubiri kidogo. Mama yangu akasubiri." Akakata uzi kwa meno. "Ndiyo maana mimi naleta ya Alhamisi. Si nyingi, najua. Niliwahi kumuuliza Fundi, sarafu sita ni nini? Akaniambia ni bandeji moja ya plasta. Basi. Moja inanitosha."

Nilianza kumwomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Hebu niletee lile kopo la biskuti, hapo juu."

Nikafungua. Juu kulikuwa na vifungo vyeupe vya mashati. Chini ya vifungo, zimefungwa kwenye nailoni, kavu kabisa, bandeji tatu za plasta.

"Uliniambia nisilete kwako mpaka Mei," akasema Bi Kifungo. "Hela mfukoni mwangu haikai, naijua. Nikawa nanunua kila Alhamisi naweka. Wewe ndiye karani. Karani akisema subiri, mimi nasubiri."

Nililia mpaka nikalowesha vifungo vyake. Nilimwambia mimi si karani, mimi ni punguani. Akasema, "Punguani mwenye mwandiko mzuri," tukacheka wote wawili, mimi kamasi zinanitoka. Wakati nikitafuta cha kujifutia ndipo nikaiona mezani, karibu na mkasi: chaki ya bluu ya kuchorea vitambaa.

"Ni wewe!"

"Ilipungua herufi," akajibu, uso mkavu.

Nikakimbia na lile kopo kifuani chini ya mvua, mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Fundi akaja ingawa ni Jumamosi, tukawaita watoto wote watatu. Bandeji mbili zikaenda kwa Meneja, moja ikatosha vichanga wote wawili. Mguu umelegea kidogo. Badala ya saba zitakuwa plasta nane. Lakini umefungwa. Meneja akaomba kifungo kimoja cheupe, akapewa.

Jumapili, 12 Aprili

Nimechana tangazo. Nimeandika lingine, dogo, bila mbwembwe: Nilikosea. Mei ileteni ya Mei. Ya leo leteni leo. Karani.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimepita mlango kwa mlango kurudisha neno langu. Kinyozi amevunja ukuta wake kwa nyundo mbele ya wateja. Muuza mayai hawezi kuvunja vifaranga, ila ameleta trei mbili za mayai tukaziuza. Mwalimu ameomba zamu yake isogezwe.

Alhamisi, 16 Aprili

Plasta ya sita. Saa nne kasorobo, sarafu sita. Nilitoka nyuma ya kaunta nikamletea kiti.

Alhamisi, 23 Aprili

Saba. Mvua kubwa. Fundi amekwenda kumchukua Meneja mwenyewe, kambeba mabegani. Meneja alimwelekeza njia nzima.

Alhamisi, 30 Aprili

Ya nane na ya mwisho, Mungu akipenda. Mvua inaanza kuchoka.

Alhamisi, 7 Mei

Tangu Jumatatu hatujakaa. Sitaki kuwa mwongo: wiki ya Mabati ni jambo kubwa. Wamekuja watu nisiowajua kabisa, wanafunzi wangu wa zamani wenye vipara, mtu na mkwe wake wakishindana. Hela hii italipa malimbikizo ya Fundi na kununua bandeji za kutufikisha mwisho wa mwaka. Vifaranga vya muuza mayai vimekuwa kuku wa kuuzika. Sikuwa na haki ya kuipuuza wiki hii, kama ambavyo sikuwa na haki ya kuwasimamisha watu kwa ajili yake.

Saa nne kasorobo umati ulikuwa umejaa hadi barabarani. Bi Kifungo akapita katikati yao, akafungua leso. Mabati, aliyekuwa akisalimiana na watu, akasema kwa sauti, "Na za mama huyu nazo naziongezea!"

Bi Kifungo akamtazama kwa upole. "Ahsante, baba. Na za Alhamisi ijayo?"

Watu wakacheka. Mabati alicheka pia, halafu akaacha. Akanigeukia mimi kama enzi zile akitafuta mtu wa kumtolea jibu. Sikumpa.

Mchana plasta ya mwisho ikakatwa. Unyayo mzima, kisigino na vidole, ukalala bapa juu ya sakafu. Mama Meneja akapiga magoti akajaribu kupitisha kiganja chake chini ya unyayo, akakuta hakiingii. Hapo ndipo alipolia.

Alhamisi, 14 Mei

Hakuna mvua. Barabara imekauka na umati umekwisha, nyumba iko kimya hadi nasikia saa ya ukutani.

Saa nne kasorobo Bi Kifungo akaweka sarafu zake sita. Nyuma yake alikuwepo mtu mwingine, bila gari, viatu vina vumbi. Mabati. Akaweka sarafu sita kando ya zile, moja moja.

"Hizi ni juu ya za mama," akasema. "Na Alhamisi ijayo nitakuja."

"Utasahau," nikamwambia.

"Nikisahau, nisimamishe hapo nje."

Nikaandika risiti mbili, kwa mwandiko wangu bora, na sikuguna.

Wakati huo Mama Meneja alikuwa ameshafunga mizigo kuwahi safari yao, mkononi ana viatu alivyopewa na Fundi, vyenye ubao katikati, ambavyo mtoto atalala navyo ili mguu usirudi ulikotoka. Akatuaga mmoja mmoja. Akainama kumpandisha Meneja mgongoni, kama alivyomleta.

Meneja akausukuma mkono wa mama yake. Kifungo cheupe kilikuwa kimeshonwa kifuani kwake, najua na nani. Akashika ukuta, akauachia. Kutoka kaunta hadi mlangoni ni hatua kumi za mtu mzima. Fundi akataka kumshika, mimi nikataka, Mabati naye akanyoosha mikono.

"Subirini!" akatuamuru.

Nikamtazama Bi Kifungo. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, leso tupu mapajani, anahesabu nyayo kwa midomo bila sauti.

Tukasubiri.